Mtu anaweza kukosea jinsia yake? Swali linalovuka mpaka wa Busia

BUSIA/TORORO

Kwa Wajopadhola wa Tororo, mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth akiwa mvulana, na Akoth akiwa msichana. Aliyezaliwa usiku ni Othieno au Athieno. Ukishuka kusini kwa Wasamia, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Busia, mtoto wa usiku ni Bwire kwa mvulana na Nabwire kwa msichana. Jina hutolewa siku za kwanza za uhai, nalo hutegemea jibu ambalo mkunga hulitoa kwa kutazama mara moja: ni wa kiume au wa kike?

Kwa watoto walio wengi, jibu hilo halirudiwi tena maishani. Kwa wachache hurudi kwa kishindo. Hurudi wakati wa kubalehe, sauti inapokuwa nzito kwa mtoto aliyevalishwa gauni tangu utotoni. Hurudi mbele ya karani wa vitambulisho, katika fomu ya mtihani wa taifa, au pale wazee wanapoanza mazungumzo ya mahari. Hapo ndipo watu wa karibu hugawanyika. Wako wanaosema mtu mwenyewe ndiye ajuaye alivyo. Wengine husema amechanganyikiwa, ameigiza, au amedanganywa na watu wa mbali.

Swali la iwapo binadamu anaweza kukosea kuhusu jinsia yake mwenyewe huulizwa mara nyingi kama kejeli. Hata hivyo ni swali la haki, na lina majibu kiasi chake. Katika ukanda huu wa mpaka, jibu linaweza kumfikisha mtoto kwenye kisu cha upasuaji, kumnyima cheti, au kumwokoa.

Makosa ya aina tatu

Ni vizuri kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa. La kwanza ni mwili: kromosomu, homoni, viungo vya ndani na vya nje. La pili ni karatasi, yaani kile karani alichoandika kwenye rejista ya vizazi. La tatu ni mtu anavyojijua moyoni, ambako wataalamu hukuita utambulisho wa kijinsia. Makosa yanaweza kutokea katika kila mojawapo, na si lazima yatokee pamoja.

Kosa la karatasi ndilo rahisi kuonekana. Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa na viungo ambavyo havielezeki moja kwa moja kuwa vya kike au vya kiume. Kiswahili kinawaita huntha. Wengine huonekana kuwa wasichana kamili, kumbe ndani wana korodani badala ya ovari. Wengine ni wa kike kwa kromosomu na wana mfuko wa uzazi, lakini tezi zao za adrenali zilizalisha homoni za kiume kwa wingi wangali tumboni, hivyo huzaliwa wakidhaniwa kuwa wavulana. Mkunga wa zahanati ya kijijini, asiye na maabara wala mashine ya picha, huandika anachokiona. Hafanyi uzembe, anajaza fomu yenye visanduku viwili, Me na Ke, isiyompa nafasi ya kuandika kwamba bado haijajulikana.

Umoja wa Mataifa hutaja makadirio kwamba watu wenye tofauti za aina hii ni kati ya asilimia 0.05 na asilimia 1.7 ya watu wote, kutegemea ni hali zipi zinahesabiwa. Kenya ilipofanya sensa Agosti 2019, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu huntha, ilipata watu 1,524 kati ya watu milioni 47.6. Hata kwa kiwango cha chini kabisa cha makadirio hayo, wangetarajiwa zaidi ya 23,000. Pengo hilo linaonyesha jinsi familia zinavyolificha jambo hili mbele ya mgeni aliyebeba dodoso, na jinsi watu wengi wanavyoishi bila kujua hali ya miili yao wenyewe.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali ina jibu jepesi. Ndiyo, mtu anaweza kukosea kuhusu mwili wake, kwa sababu mwili una mambo ambayo macho hayayaoni. Viwanja vya riadha vimelifundisha eneo hili somo hilo kwa uchungu.

Katika fainali ya mita 800 za wanawake kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, nishani zote tatu zilikwenda Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu baadaye walizuiwa na kanuni za shirikisho la riadha duniani kuhusu viwango vya testosteroni kukimbia masafa hayo bila kushusha homoni kwa dawa. Walilelewa kama wasichana na wamejitambua hivyo. Kilichotiliwa shaka ni mwili, na ubishi ulikuwa kama unawapa faida isiyo ya haki mbele ya washindani wao.

Mganda Annet Negesa, bingwa wa mita 800 katika Michezo ya Afrika ya mwaka 2011, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya London mwaka 2012 baada ya vipimo vya homoni. Alifanyiwa upasuaji Kampala mwaka huohuo. Amesimulia hadharani kwamba hakuelezwa sawasawa anakwenda kufanyiwa nini, na kwamba nguvu zake hazikurudi. Shirikisho la dunia lilikana kuhusika na upasuaji huo. Mwaka 2019 alipata hifadhi Ujerumani. Tangu Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushindana katika mashindano ya dunia ya riadha lazima kwanza apimwe jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu ya Y. Msichana anayekimbia pekupeku leo katika shule ya msingi chini ya Mwamba wa Tororo anaweza siku moja kujua kwa njia hiyo jambo ambalo mama yake hakulijua.

Daktari aliyekuwa na uhakika

Sehemu ya pili ya swali ni ngumu zaidi. Ikiwa mwili umefahamika, je, yale mtu anayoyajua moyoni yanaweza kuwa kosa? Na kama ni kosa, nani wa kumsahihisha?

Kwa miaka mingi mwanasaikolojia mmoja aliyefanya kazi Marekani aliamini ana jibu. John Money wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alifundisha kwamba mtoto mchanga anaweza kulelewa kuwa wa kike au wa kiume, mradi malezi yaanze mapema na siri itunzwe. Mwaka 1966 huko Winnipeg, Canada, mtoto wa kiume wa miezi michache, mmoja wa mapacha, aliharibiwa uume wakati wa kutahiriwa. Kwa ushauri wa Money, wazazi walimfanya msichana: walimpa jina la Brenda, akafanyiwa upasuaji na kuvalishwa magauni. Money alitangaza kuwa mafanikio.

Mtoto mwenyewe hakuwahi kukubali. Mwaka 1980 baba yake alipomweleza ukweli, alirudi kuishi kama mvulana na kuchukua jina la David Reimer. Mwaka 1997 wataalamu wawili walichapisha kisa chake na kuonyesha kwamba mafanikio yaliyotangazwa hayakuwapo. Reimer alijiua mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 38. Wazazi, daktari, nguo, jina na karatasi vyote vilisema ni msichana. Aliyekuwa sahihi ni yule mtoto ambaye kila mtu alidhani anakosea.

Kisa kingine kilitoka Jamhuri ya Dominika. Mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza mwaka 1974 kuhusu watoto wa vijiji fulani waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja. Walionekana kama wasichana walipozaliwa, lakini miili yao ikawa ya kiume walipobalehe. Katika ripoti ya mwaka 1979, kati ya 18 waliokuwa wamelelewa wazi kama wasichana, 17 walikuja kujitambua kuwa wanaume.

Hata hivyo si kila mara mambo huenda upande huo. Watu wenye kromosomu za XY ambao miili yao haiitikii kabisa homoni za kiume hulelewa kama wasichana, na karibu wote huendelea kuishi kama wanawake kwa ridhaa yao. Wasichana wengi wenye tatizo la tezi za adrenali niliyotajwa hapo juu hubaki wakijitambua kuwa wanawake, ingawa homoni za kiume ziliwapitia tumboni. Kromosomu peke yake haitoshi kutabiri, na malezi peke yake hayatoshi. Mtu mwenyewe, akishakua, ndiye chanzo cha habari ambacho hakina mbadala.

Uganda ina ushuhuda wake. Julius Kaggwa alizaliwa huntha, akalelewa kama msichana kwa jina la Juliet, kisha akaishi kama mwanamume. Mwaka 1997 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, kikiwa na majina yote mawili kwenye jalada, wakati ambapo jambo hilo halikuzungumzwa hadharani popote katika eneo hili. Baadaye alianzisha SIPD, shirika linalosaidia familia za watoto huntha nchini humo. Nchini Kenya, James Karanja, aliyelelewa kwa jina la Mary Waithera, amekuwa mstari wa mbele kupitia chama cha huntha cha nchi hiyo.

Wanazuoni walikwisha kuuliza

Si haki kusema kwamba hili ni swali lililoletwa na ndege kutoka Ulaya. Neno huntha lenyewe lilitoka kwenye Kiarabu cha vitabu vya fikihi, na wanazuoni wa Kiislamu walilijadili kwa karne nyingi kwa sababu ya mirathi, ndoa na safu za sala. Kwanza walitazama dalili za mwili, kuanzia njia ya mkojo. Dalili zikigongana, mtu huyo aliitwa huntha mushkili, yaani huntha ambaye hali yake ni tatizo, na uamuzi ukasubiri abalehe.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, walikwenda hatua nyingine mbele. Baada ya kubalehe, kama mwili bado hautoi jibu, huulizwa mwenyewe nafsi yake inaelekea wapi. Akisema, kauli yake hupokelewa, na haruhusiwi kuigeuza kila apendapo. Lakini aliyesema ni mwanamume akishika mimba, kauli inatenguka.

Ndani ya kanuni hiyo fupi mna mambo matatu ambayo sheria za leo zinahangaika nayo. Haraka haitakiwi. Mtu hupewa nafasi ya kusema. Na inakubalika kwamba mtu anaweza kusema kwa nia njema na bado ikatokea kwamba alikosea.

Wanaobadili kauli

Ni lazima kulisema hilo la mwisho waziwazi, kwa sababu wapo wanaotetea haki za watu hawa ambao hupendelea likae kimya. Watu wengine hujitambua kuwa wa jinsia tofauti na mwili wao bila kuwa huntha, na wakaanza kutumia homoni au kufanyiwa upasuaji. Wengi huridhika. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha tafiti 27 na wagonjwa 7,928 waliofanyiwa upasuaji ulikuta waliojuta ni takriban asilimia 1. Wakosoaji walisema kwamba baadhi ya tafiti hizo zilipoteza wagonjwa wengi njiani, na aliyejuta huenda asirudi kumweleza daktari yuleyule.

Lakini waliojuta wapo, na wana majina. Keira Bell wa Uingereza alianza matibabu akiwa kijana mdogo, kisha akiwa mtu mzima akaona kwamba yeye ni mwanamke na kwamba mateso yake ya ujana yalikuwa na chanzo kingine. Alikwenda mahakamani. Desemba 2020 alishinda, ingawa mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo Septemba 2021. Aprili 2024, ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass kwa huduma ya afya ya England ilisema kwamba ushahidi kuhusu matibabu ya homoni kwa vijana ni dhaifu, na ikataka uangalifu mkubwa. Madaktari na vyama vingine vya kitaaluma, hasa Marekani, walipinga namna ripoti hiyo ilivyopima ushahidi.

Basi mtu anaweza kukosea. Anaweza kuyasoma vibaya mateso yake mwenyewe, hasa akiwa na miaka 14, mwili unabadilika kila wiki na watu wanamcheka. Kukosea huko hakumfanyi mwongo. Mtu hukosea pia kuhusu wito wa upadri, kuhusu mchumba, kuhusu kazi aliyodhani ameumbiwa, na hakuna anayehitimisha kwamba kwa hiyo wazee wa mtaa ndio wanaopaswa kumchagulia mke.

Linalofuata kutokana na hapo ni tahadhari, nayo hukata pande mbili. Ikiwa kijana wa miaka 15 anayejieleza kwa maneno yake haruhusiwi kuharakisha hatua isiyorudi nyuma, basi mtoto wa miezi mitatu asiyeweza kusema lolote hastahili kukatwa viungo ili tu aendane na kisanduku kwenye fomu. Mwanasiasa anayepinga la kwanza kwa sababu mtoto anaweza kukosea, na papo hapo akanyamazia la pili, hajawa na msimamo mmoja. Katika lile la pili wanaoweza kukosea ni watu wazima, na gharama ya kosa hulipwa na mtoto.

Mpaka mmoja, sheria mbili

Hapa ndipo mpaka wa Busia unapoingia. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wako nchi mbili bila kuhama nyumbani. Mpaka huo sasa ni mwepesi kuliko zamani. Neno boda boda lilizaliwa hapa, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Msafiri hukaguliwa mara moja tu.

Anachobeba msafiri huyo, hata hivyo, kimeandikwa jinsia yake. Na nchi hizi mbili haziandiki kwa kanuni moja.

Upande wa Kenya, mabadiliko yalianzia mahakamani. Mfungwa huntha wa gereza la Kamiti, aliyetambuliwa kwa herufi R.M., alishtaki serikali. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilikubali kwamba alitendewa unyama kwa namna alivyopekuliwa na kudhihakiwa, ikamwamuru alipwe fidia ya Sh500,000, lakini ikakataa kuanzisha jinsia ya tatu. Kisha ikaja kesi ya Mtoto A, aliyezaliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 2009. Penye nafasi ya jinsia katika karatasi zake, hospitali iliweka alama ya kuuliza. Mama yake alienda kortini kwa sababu alama ya kuuliza haimpatii mtoto cheti cha kuzaliwa. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza serikali itafute njia ya kukusanya takwimu na kutunga miongozo. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi, ikafuata sensa ya 2019, kisha Sheria ya Watoto ya 2022.

Sheria hiyo inamtaja mtoto huntha kwa jina lake. Inampa haki ya heshima, matibabu yanayofaa na elimu, na inamtaka msajili ahakikishe anaandikishwa sawasawa anapozaliwa. Zaidi ya hayo, inahesabu kuwa kosa kubadili au kuondoa viungo vya mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Upande wa Uganda, Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inamtaja pia mtoto huyu, ila kwa mlango mwingine. Inasema kwamba mtoto aliyezaliwa huntha, akibadilika kwa njia ya upasuaji kutoka wa kike kuwa wa kiume au kinyume chake, na daktari akathibitisha, mzazi au mlezi anaweza kuomba rejista irekebishwe. Mabunge machache Afrika yalikuwa yameandika hata hilo. Tatizo ni mpangilio wake: kwanza kisu, halafu karatasi. Mzazi anayetaka mtoto wake wa miaka 12 afanye mtihani kwa jina linalomfaa hupewa na sheria yenyewe sababu ya kutafuta upasuaji. Na kifungu hicho kinamzungumzia mtoto na mzazi wake. Mtu mzima aliyegundua hali yake akiwa na miaka 25 hakipo kwa ajili yake.

Matokeo yake ni kwamba watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja amezaliwa Busia ya Kenya na mwingine Busia ya Uganda, wanaweza kuwa na hali ileile ya mwili, wakatibiwa na sheria kwa namna zinazogongana. Kitendo ambacho kwa mmoja ni kosa, kwa mwingine ndicho sharti la kusahihisha rejista.

Kwa wale ambao si huntha, tofauti ni kubwa zaidi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti cha sekondari chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Uganda ilipitisha Sheria ya Kupinga Ushoga iliyotiwa saini Mei 2023, na Mahakama ya Katiba ikaibakiza sehemu kubwa ya sheria hiyo Aprili 2024. Ushoga ni habari ya nani anampenda nani, na huntha ni habari ya mwili alionao mtu. Mtaani mambo hayo humwagwa kapu moja, na mzazi mwenye mtoto huntha huona heri amfiche kuliko kujibu maswali ya majirani.

Kuficha kunaua

Kuna sababu moja ya dharura ya kuacha kuficha, nayo haihusiani na siasa. Baadhi ya watoto wanaozaliwa na viungo visivyoeleweka wana tatizo la tezi za adrenali linalofanya mwili upoteze chumvi. Katika wiki ya kwanza hadi ya tatu mtoto huanza kutapika, hukataa ziwa, hupungua uzito na kulegea. Dalili hizo hufanana na za maambukizi au kuhara, na asipotambuliwa hufa. Akitambuliwa, dawa za homoni pamoja na chumvi humweka hai, naye huishi miaka yake yote. Mkunga au mama anayeona viungo vya mtoto havieleweki anapaswa kumpeleka haraka kwenye hospitali ya rufaa, iwe ya kaunti Busia au ya kanda Mbale, aseme wazi alichokiona. Aibu ya siku moja haina uzito mbele ya uhai.

Mengine yanaweza kusubiri. Mtoto anaweza kupewa jina na kulelewa kama mvulana au msichana kwa makadirio bora ya madaktari, bila kukatwa chochote kisicho hatari kwa afya yake, huku wazazi wakijua kwamba akikua anaweza kusema vingine. Kuna majina ya ukoo na ya dini yasiyofungamana na jinsia. Kiswahili chenyewe kinasaidia: kinamwita kila mtu "yeye", na mwalimu anaweza kumsifu mwanafunzi mwaka mzima bila kutaja kama ni wa kiume au wa kike.

Kwa upande wa karatasi, kanuni za kimataifa za pasipoti zinaruhusu herufi X pale jinsia isipotajwa, hivyo mashine za kusoma pasipoti mpakani zimeshatayarishwa kwa hilo tangu zamani. Kinachohitajika ni makubaliano ya nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kuoanisha uzito wa malori, ushuru wa saruji na muda wa mizigo kukaa Malaba. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaahidi kila raia kuvuka bila kubaguliwa. Bunge la jumuiya hiyo lililoko Arusha lina uwezo wa kuuliza kwa nini usajili wa mtoto huntha haujawahi kuwa sehemu ya mazungumzo hayo, na Bunge la Uganda linaweza kuondoa sharti la upasuaji kwa marekebisho ya sentensi moja.

Hakuna sheria itakayohakikisha kwamba hakuna mtu atakayekosea kuhusu nafsi yake. Inachoweza sheria ni kupanga nani alipe kosa likitokea. Mtoto aliyeachwa na viungo vyake, cheti kinachoweza kusahihishwa na wazazi walioambiwa ukweli, akikosea leo ataweza kujirekebisha kesho. Aliyekatwa akiwa mchanga hana pa kurudi, hata siku ambayo kila mtu atakubali kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.